Mwalimu Nyerere na hesabu ya kijiji

WAKAZI wenye umri mkubwa wa Kasulu na Kibondo hawahitaji kuelezwa Operesheni Kigoma ilikuwa nini. Ilianza mwaka 1972. Kaya za Waha zilizokuwa zimetawanyika vilimani, kila moja katikati ya migomba yake, zilitakiwa kuacha makazi hayo na kujenga upya katika vijiji, vingi vikiwa kando ya barabara. Katika taarifa za serikali kazi hiyo ilionekana kwa tarakimu: vijiji vingapi vimefunguliwa na watu wangapi wamehamia.

Kiongozi aliyekuwa juu ya mpango huo alikuwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania. Mengi yameandikwa kuhusu Mwalimu kama mpigania uhuru. Machache yameandikwa kuhusu Mwalimu kama mtu aliyejaribu kupima. Alianzisha shughuli kubwa ya kiuchumi kwa ajili ya manufaa ya jamii, kisha baada ya miaka kumi akakaa chini na kuuliza kama imewafaa watu waliokusudiwa.

Swali hilo ndilo linaloulizwa leo na mabenki, wafadhili na maofisa ushirika kwa kila kikundi cha wafuga nyuki wa Kibondo au chama cha msingi cha kahawa cha Kasulu kinachosema kipo kwa ajili ya wanachama na si kwa ajili ya faida pekee. Si swali jepesi, na maisha ya Mwalimu yanaonyesha kwa nini.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12, akaendelea Tabora, na mwaka 1943 akaingia Chuo cha Makerere alikosomea ualimu. Baada ya hapo alirudi Tabora kufundisha katika shule ya St Mary's.

Akiwa Tabora alifanya kazi moja ambayo wafanyabiashara wadogo wangependa kuijua. Alikuwa mkaguzi wa bei. Aliingia madukani kuangalia wenye maduka wanatoza kiasi gani, kisha akaandika taarifa kwa serikali ya kikoloni. Aliiacha kazi hiyo alipoona taarifa zake za bei za udanganyifu hazifanyiwi chochote. Kijana huyo alijifunza mapema kwamba vipimo vinaweza kuchukuliwa vizuri, vikaandikwa vizuri, na bado visimsaidie mnunuzi hata senti moja ikiwa anayevipokea hataki kuvitumia.

Kati ya mwaka 1949 na 1952 alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi. Aliporudi alifundisha Pugu, na tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kikazaliwa chini ya uongozi wake. Mwaka uliofuata aliacha ualimu. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka mmoja baadaye akawa Rais.

Ushirika wapimwa kwanza

Baada ya uhuru serikali iliharakisha kuanzisha vyama vya ushirika kila mahali, hata katika maeneo ambayo wakulima hawakuwa wameviomba. Kwa idadi, mafanikio yalikuwa makubwa. Hata hivyo malalamiko ya wakulima yalizidi, na mwaka 1966 Mwalimu aliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Kamati ilikuta wizi, watumishi wasio na ujuzi wa hesabu, wanasiasa wanaoingilia kazi, na wanachama wasiojua chama chao kinafanya nini. Wingi wa vyama ulikuwa umeficha udhaifu wa kila kimoja.

Wakati huo huo kusini mwa nchi, katika mkoa wa Ruvuma, kulikuwa na kitu tofauti. Vijana wa Litowa, karibu na Songea, walikuwa wameanzisha kijiji chao cha kulima kwa pamoja, na kutokana nacho ikaundwa Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma. Hadi mwisho wa miaka ya 1960 jumuiya hiyo ilikuwa na vijiji vipatavyo 17 tu. Walikuwa na shule yao iliyofundisha kilimo na maisha ya kijijini, walikuwa na mashine ya kusaga, na waliamua mambo yao kwa kikao kirefu ambacho kila mtu alisema. Mwalimu alivutiwa nao. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari, alitoa kijitabu chake cha Ujamaa Vijijini, na alama ya Litowa inaonekana humo. Alisisitiza kwamba watu washawishiwe, waanze na shamba dogo la pamoja, waone faida, ndipo waongeze. Mtu asilazimishwe.

Jumuiya hiyo haikudumu. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja na shughuli zake zikachukuliwa na chama. Vijiji 17 vilionekana vichache mno kwa nchi nzima, na viongozi wengi wa chama hawakupenda wanavijiji wanaojiamulia wenyewe. Kama kuna hatua moja ambapo kipimo kilibadilika kutoka ubora wa maisha ya kijiji kwenda wingi wa vijiji, ni hii.

Tarakimu zinapokimbia

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 kazi ya kuhamia vijijini ilianza kuitwa operesheni. Palikuwa na operesheni ya Rufiji baada ya mafuriko, kisha Dodoma, ambako Mwalimu mwenyewe alikaa Chamwino akifyatua matofali na wanakijiji, kisha Kigoma.

Kwa Waha haikuwa mara ya kwanza kuhamishwa na serikali. Miaka ya 1930 Waingereza waliwakusanya watu wa Kibondo na maeneo ya jirani katika makazi maalumu ili kuwaepusha na mbung'o na ugonjwa wa malale. Huko kipimo kilikuwa kimoja na kilieleweka: wagonjwa wameongezeka au wamepungua. Serikali hiyo hiyo iliitegemea nchi ya Buha kwa kitu kingine, nguvu kazi ya manamba wa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga. Hapo vilevile watu walihesabiwa kwa vichwa.

Mwaka 1973 wananchi waliokuwa wakiishi katika vijiji vya ujamaa nchini walikuwa takribani milioni 2, kama asilimia 15 ya watu wote. Kwa kasi hiyo kazi ingechukua miaka mingi. Novemba mwaka huo Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia. Mwanzoni mwa mwaka 1977 hesabu rasmi ilionyesha zaidi ya watu milioni 13 katika vijiji 7,684.

Mtu asiyejua kilichotokea angeziona tarakimu hizi kama mafanikio yasiyo na mfano. Lakini aliyezitoa alikuwa pia anapimwa nazo. Wakuu wa mikoa na wilaya walijua kwamba watasifiwa au kulaumiwa kutokana na idadi ya waliohama, wakashindana. Mahali pengine nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Hakuna fomu iliyouliza kama mkulima alihama kwa hiari.

Vilevile hakuna fomu iliyouliza mambo ambayo mkulima wa nyanda za juu za Kigoma angeyataja kwanza. Mgomba wa Buha huishi kwa kulishwa. Majivu ya jikoni, maganda, samadi ya mbuzi na takataka za nyumbani huishia kwenye migomba kwa sababu migomba ipo nyuma ya nyumba. Nyumba ikiondoka, mgomba unabaki na njaa. Mbuni unahitaji miaka mitatu au minne kabla ya kutoa zao la maana, hivyo anayeacha kahawa yake hapotezi msimu mmoja. Umbali kutoka kijijini hadi shambani unapoongezeka, ni mwanamke anayeutembea mara nyingi zaidi, akiwa na mtoto mgongoni na jembe mkononi, na jioni kuna kuni. Kwa mfuga nyuki wa Kibondo aliyetundika mizinga yake katika msitu alioujua tangu utoto, mwendo mrefu zaidi ulimaanisha mizinga kutotembelewa.

Kwa upande mwingine, kijiji kilileta vitu ambavyo kaya iliyo peke yake kilimani isingevipata kirahisi, yaani shule, zahanati na duka. Hesabu ya haki ingeweka yote mawili kwenye mizani moja. Hesabu ya mwaka 1976 iliweka watu tu.

Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 iliongeza jambo jingine. Kijiji chenye kaya zisizopungua 250 kiliweza kuandikishwa, kikapata mkutano mkuu na halmashauri ya watu 25, na kikahesabiwa kuwa chama cha ushirika cha shughuli nyingi. Kwa maneno mengine, mkulima wa Kasulu aliamka siku moja akiwa mwanachama wa biashara ya kijamii ambayo hakuwahi kununua hisa zake wala kujaza fomu ya kujiunga. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa, na mamlaka za mazao zikapewa kazi ya kununua. Gharama za mamlaka hizo zilikuwa kubwa, na sehemu ya bei iliyomfikia mkulima ikazidi kupungua. Mashamba ya pamoja kwa sehemu kubwa yalitoa kidogo. Ukame wa mwaka 1973 na 1974 uliikuta nchi ikiwa katikati ya kuhama, na serikali ililazimika kutumia fedha nyingi za kigeni kununua nafaka nje.

Kipimo kilichofanya kazi

Ajabu ni kwamba miaka hiyo hiyo, serikali hiyo hiyo ilifanya kazi nyingine kubwa na kuipima vizuri. Mwaka 1967 sensa ilionyesha kuwa watu wazima wapatao asilimia 67 hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Madarasa yakaanza chini ya miti, katika majengo ya shule jioni, na viwandani. Vitabu vilitungwa kufuata kazi ya msomaji: pamba kwa mlima pamba, migomba kwa mlima ndizi, uvuvi kwa mvuvi, ng'ombe kwa mfugaji.

Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa nchi nzima. Hapa serikali haikuridhika na idadi ya walioandikishwa darasani, ambayo maofisa wangeweza kuipandisha wapendavyo. Kila mtu aliketi na karatasi yake. Matokeo yaligawanywa katika hatua nne, na aliyefika hatua ya nne alikuwa na uwezo wa kutumia kusoma na kuandika katika maisha yake, kama vile kusoma gazeti na kuweka hesabu ndogo za biashara. Wasiojua kusoma walikutwa wamepungua hadi asilimia 39. Mtihani wa mwaka 1977 ukaonyesha asilimia 27.

Tofauti ya kazi hizi mbili haikuwa katika nia ya kiongozi, kwani nia ilikuwa ile ile. Katika elimu ya watu wazima, aliyepimwa ni mkulima mwenyewe na alipimwa kwa jambo lililobadilika ndani ya maisha yake. Aliyeshindwa kusoma barua hakuweza kuandikwa kwamba anasoma. Katika uhamiaji, aliyepimwa ni ofisa, na alipimwa kwa jambo alilolifanya yeye. Mtu anaweza kuhamia kijijini, akahesabiwa, na maisha yake yakawa yale yale au mabaya zaidi. Kwa mtunza hesabu wa chama cha kahawa, ni sawa na tofauti kati ya kuandika kwamba wanachama 300 walihudhuria semina ya kukausha kahawa, na kwenda vichanjani msimu unaofuata kuona ni wangapi wanakausha wanavyofundishwa na walilipwa daraja gani.

Hata kipimo hicho kizuri kilikuwa na kasoro yake, ambayo ilionekana baadaye. Mwaka 1986 ilitangazwa kwamba wanaojua kusoma wamefika takribani asilimia 90. Kisha madarasa yakafifia, magazeti ya vijijini yakakosa karatasi, na waliojifunza wakasahau. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta karibu watu wazima 3 kati ya 10 hawajui kusoma. Ushindi ulikuwa umepimwa, lakini haukurudiwa kupimwa kwa wakati.

Mwaka 1977, miaka kumi tangu Azimio la Arusha, Mwalimu alitoa tathmini yake. Viongozi wachache wa Afrika wa wakati huo walikuwa wamefanya hivyo kwa hiari, wakiwa bado madarakani na bila mpinzani wa kuwalazimisha. Aliandika wazi kwamba Tanzania ilikuwa bado haijafika kwenye ujamaa wala kujitegemea. Alihesabu yaliyoongezeka: watoto wa shule za msingi walikuwa wametoka takribani 825,000 mwaka 1967 hadi zaidi ya milioni 1.5 mwaka 1975. Akaeleza yaliyoshindikana, hasa uzalishaji wa kilimo na uzembe katika mashirika ya umma.

Kuhusu vijiji hakuwa mkali kiasi hicho. Alikubali kwamba yapo maeneo ambako watu walilazimishwa, lakini akajenga hoja kwamba watu milioni 11 wasingeweza kuhamishwa kwa nguvu katika nchi yenye uwezo mdogo kama Tanzania. Hoja hiyo ni dhaifu. Hofu ya amri haihitaji askari kwa kila kaya. Ukubwa wa tarakimu uligeuzwa kuwa ushahidi wa hiari, wakati tarakimu yenyewe haikuwa imeuliza habari ya hiari. Mkaguzi wa bei wa Tabora, aliyekasirika kwa sababu mabwana wakubwa hawakusikia taarifa kutoka dukani, safari hii alikuwa yeye ndiye aliye juu, na taarifa za kutoka vilimani zilimfikia zikiwa zimeshapambwa.

Kwa haki yake, hakuishia hapo. Mwaka 1982 sheria mpya iliruhusu vyama vya ushirika kurudi, na mwaka 1984 serikali za mitaa zilizofutwa mwaka 1972 zikarejeshwa. Mwaka huo wa 1984 Mwalimu alikiri hadharani kwamba kufuta vyama vya ushirika na serikali za mitaa lilikuwa kosa. Vyombo vyote viwili vilikuwa njia za mkulima kutoa taarifa yake mwenyewe juu. Novemba 1985 aling'atuka urais.

Wageni wa Kigoma

Kuna hesabu nyingine inayomuunganisha Mwalimu na Kasulu na Kibondo. Mwaka ule ule ilipoanza Operesheni Kigoma, mauaji nchini Burundi yaliwasukuma maelfu ya watu kuvuka mpaka. Wengi walipelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, wakapewa ardhi, na baada ya miaka michache walikuwa wakijilisha na kuuza ziada. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilimpa Mwalimu Nishani ya Nansen mwaka 1983. Kipimo kilikuwa rahisi kukiona, kwani mtu aliyekuja mikono mitupu alikuwa sasa analeta mahindi sokoni.

Kundi la pili lilikuja baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993. Safari hii watu waliwekwa makambini, kama vile Mtendeli, Kanembwa na Nduta upande wa Kibondo, na Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu upande wa Kasulu, Nyarugusu ikipokea Wakongo kuanzia mwaka 1996. Walipewa mgao, si mashamba. Mwalimu, aliyekuwa amerudi kulima Butiama, alikubali kuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi na kuifanya kazi hiyo hadi mwisho wa maisha yake. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, akazikwa Butiama. Mkataba wa amani wa Burundi ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000 chini ya Nelson Mandela, na kuanzia mwaka 2002 wakimbizi walianza kurudi kwao kwa makundi makubwa. Machafuko ya mwaka 2015 yaliwaleta wengine, na Nduta na Mtendeli zikafunguliwa tena. Mtendeli, ambayo sasa ipo wilaya ya Kakonko iliyogawanywa kutoka Kibondo, ilifungwa mwaka 2021.

Miezi michache kabla ya kifo chake, Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sheria hiyo iliweka usimamizi wa ardhi mikononi mwa halmashauri za vijiji, zile zilizotokana na Sheria ya mwaka 1975. Baadhi ya Waha walikuwa wamerudi zamani kwenye vilima vyao na kwenye migomba ya baba zao, wengine wakabaki barabarani. Wote wawili, wakitaka hati ya hakimiliki ya kimila ya kupeleka benki kuombea mkopo wa kahawa au wa maharage, huanzia katika ofisi ya kijiji.